Choo kikavu nyumbani kwetu Kivule: miaka miwili ya kukitumia

Mgao wa maji wa Dar es Salaam wa mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua, ndio ulionifanya nianze kuhesabu madumu. Nyumbani tuko sita. Choo chetu kilikuwa cha kumwagia kwa ndoo: anayetoka anamwaga kama lita tatu na nusu, na kila mtu huingia mara nne hivi kwa siku. Hizo ni lita 80 na ushee, madumu manne yanayoishia shimoni kila siku. Dumu kwetu lilikuwa limefika shilingi 500. Iliniuma kununua maji, kuyabeba, kisha kuyamwaga chooni.

Katikati ya 2023 tukajenga choo kikavu. Hakichimbwi, unapanda ngazi, na chini ya sakafu kuna chemba mbili za tofali. Sinki lina sehemu mbili: ya mbele inapokea mkojo, unaoshuka kwa bomba hadi kwenye dumu lililoko nje, ya nyuma ni tundu linaloangukia chembani. Ukimaliza unatupia kopo la majivu au vumbi la mbao. Majivu ni ya jikoni kwetu, vumbi nalifuata kwa mafundi seremala wa Keko. Chemba ikijaa inafungwa, mnahamia ya pili. Ujenzi ulikula milioni mbili na kitu.

Swali ambalo kila mgeni ananiuliza ni harufu. Kinachonuka kwenye choo cha shimo ni mkojo na kinyesi kuoza pamoja. Ukivitenganisha, na cha nyuma kikabaki kikavu, hakuna harufu ya kukukimbiza.

Kazi ilikuwa kuchamba. Sisi tunatumia maji, na maji yakiingia chembani umeharibu kila kitu. Fundi alikuwa ameniambia tuzoee karatasi. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alikuja kukaa nasi wiki ya kwanza akakataa kabisa: “Mwanangu, mimi nina swala tano. Karatasi itanitosha wapi?” Alikuwa na haki. Tukamrudisha fundi, akajenga kibeseni cha sementi pembeni ya sinki, hatua moja tu, chenye bomba lake linalokwenda kwenye shimo dogo la kokoto lililozungukwa na migomba. Unamaliza, unasogea, unachamba hapo. Dumu la kuchambia tulilitumia tangu zamani na bado tunalitumia. Yale manne ya kumwagia ndiyo yamekwisha. Kama familia yako inachamba kwa maji, usikubali fundi aanze kujenga kabla hajakuonyesha kibeseni kitakaa wapi.

Tumekosea pia. Bomba la mkojo tuliweka jembamba la nusu inchi, likaziba kwa ukoko mweupe ndani ya miezi mitano. Sasa ni la inchi mbili, lenye mteremko mkali. Masika ya 2024, mvua zile nyingi, maji ya uani yaliingia kwa chini ya mlango wa chemba. Kwa siku nne kulikuwa na funza na harufu mbaya, nikalia kwa kweli. Tuliinua kizingiti kwa tofali mbili, nikamwaga magunia mawili ya majivu, pakakauka. Majirani wenye vyoo vya shimo msimu huohuo walikuwa wakitapisha, yaani kuachia uchafu wa shimo uende na mvua, na maji yale yalipita mlangoni kwetu.

Chemba ya kwanza tuliifunga Julai 2024 na kuifungua Agosti 2025. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka zaidi ya mwaka kwa joto kama la kwetu, kwa kuwa mayai ya minyoo huchelewa kufa, nami sikutaka kuharakisha. Nilivaa glavu na buti. Nilichokuta ni udongo mweusi, mwepesi, unaonukia kama chini ya mwembe baada ya mvua. Katikati yake kulikuwa na pampasi moja nzima, haikuoza hata ukingo. Mboji ile nimeiweka kwenye migomba na mipapai, mchicha nimeuacha. Mkojo nauchanganya na maji mara tano yake, namwagia shinani, majani siyagusi.

Wanaume wote wa nyumba hii wanachuchumaa hata kwa haja ndogo, ili mkojo usiingie tundu la nyuma, na walizoea baada ya wiki mbili za kukumbushwa. Kwa nyumba ya wapangaji wanane ambako hakuna mwenye kukumbusha, sishauri.

Nikijenga tena nitaweka cha kukaa, na chuma cha kushikia kwenye ngazi. Magoti ya mama mkwe hayaruhusu tena kuchuchumaa, na usiku inabidi nimsindikize.