Legend: muvi ya mapacha wa Kray, na sauti ya mke niliyonyimwa

Niseme mapema kwamba nimekasirika, na hasira hii nimetembea nayo wiki nzima. Kama unatafuta mtu wa kukuambia muvi ina dakika ngapi au ilitumia fedha kiasi gani, hayo utayapata kwingine. Mimi nataka kuzungumzia sauti moja tu, ya Frances.

Mara ya kwanza Legend niliiona miaka kadhaa nyuma, kwenye banda la video mtaani kwetu Mbagala, ile iliyotafsiriwa. Wenzangu mliokulia humo mnajua mambo yanavyokwenda: picha ni ya Uingereza, lakini anayeongea ni kijana wa hapahapa Dar, ana maiki yake, anatupeleka mwanzo hadi mwisho kwa lugha yetu. Mama yangu hajui Kiingereza hata neno, na bila watafsiri asingewahi kufuatilia muvi ya Mzungu akaielewa. Kwa hiyo na kazi yenyewe sina ugomvi hata kidogo, naiheshimu.

Siku hiyo tulicheka mpaka machozi. Mtafsiri aliwabatiza mapacha, wahuni wawili wa London, Kulwa na Doto. Ronnie, yule mwenye miwani na sauti nzito, akawa Kulwa, na Reggie mtanashati akawa Doto. (Hata hapo alikosea. Reggie ndiye aliyetangulia kuzaliwa, dakika 10 mbele ya mwenzake, Oktoba 1933. Kulwa ni yeye.) Kuna sehemu mapacha wanaingia baa wakakuta wamezungukwa na watu wa kundi la kina Richardson, mahasimu wao. Ronnie anachukia kwa sababu alikuja kwa ajili ya bunduki na mahasimu wameshika minyororo na virungu, basi anasusa, anatoka nje. Reggie anabaki peke yake katikati ya wanaume wote wale. Mara mlango unafunguka, Ronnie huyo, nyundo mkono huu na nyundo mkono huu. Banda lilitaka kubomoka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Ningeandika maoni usiku ule ningeipa nyota 5 na kuongeza moja ya mfukoni kwangu.

Juzijuzi binamu yangu akanijazia flashi, na humo akaweka Legend ile yenyewe, haijaguswa, ina maandishi chini. Nikaiwasha huku nakunja nguo. Ikaanza sauti ya mwanamke. Nikadhani nimebonyeza faili lingine. Nikarudi nyuma, nikaanza upya, na ni mwanamke yuleyule anatuambia kuhusu mapacha, kuhusu mashariki ya London, kuhusu watu wa Bethnal Green walivyowaona. Nguo nikaziacha hapo kitandani.

Ni Frances Shea, mke wa Reggie. Muvi nzima anaisimulia yeye! Na mimi niliyeiona banda zima likishangilia sikuwahi kumsikia hata sentensi moja, kwa sababu kila alipofungua mdomo mtafsiri alikuwa juu yake anaongelea suti, anaongelea magari, anatuma salamu kwa washkaji zake. Kwetu alikuwa "demu wa Doto", basi. Na pale anapokufa, nakumbuka maneno yenyewe kwa sababu watu walicheka: "Demu kajimaliza, turudi kazini."

Binti alikuwa na miaka 23.

Ngoja nieleze kidogo, maana wengi mtakuwa mmeiona kama nilivyoiona mimi. Mapacha hawa hawakutungwa. Ronnie na Reggie Kray walitawala mashariki ya London miaka ya 1960, wakiwa na vilabu vya usiku na fedha za kutisha watu, huku wakipigwa picha na waigizaji na waheshimiwa. Mwaka 1964 gazeti moja liligusa habari za mwanasiasa Lord Boothby na urafiki wake na Ronnie, likaishia kumlipa mheshimiwa pauni 40,000, na baada ya hapo magazeti mengine yakaufyata. Machi 1966 Ronnie aliingia baa ya Blind Beggar, barabara ya Whitechapel, akampiga hasimu wake George Cornell risasi ya kichwa mbele za watu, akatoka kwa miguu yake. Hakuna aliyeona kitu. Katikati ya watu wa namna hiyo ndipo alipoolewa Frances, Aprili 1965.

Kwenye muvi wanakutana mlangoni kwao. Reggie amekuja kumtafuta dereva wake, ambaye ni kaka wa Frances, na anayefungua ni Frances, ana peremende ya limau mdomoni. Hiyo peremende imenikaa. Ni kitu cha mtoto wa shule, unaona kabisa kwamba bado hajatoka nyumbani kwao. Reggie anaipenda ile hali, anacheka, naye anacheka. Baadaye anapanda bomba la maji ya mvua mpaka dirishani kwake kumchumbia. Siku ya harusi mama wa binti anakuja na nguo nyeusi. Nyeusi, jamani, kanisani, kwenye harusi ya mwanawe. Banda letu lilipita hapo kwa kicheko, mtafsiri alisema mama mkwe amekosea shughuli. Mama yule hakuwa amekosea kitu. Alikuwa ameanza matanga mapema kwa sababu alijua mwanawe anakokwenda.

Nikashindwa kulala. Kesho yake nikamfuata mtafsiri mwenyewe. Anafahamika, ana kibanda chake anauza muvi na kuwajazia watu flashi, jina lake silitaji. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia kaka, naomba nikuulize, mbona yule mwanamke ulimfuta? Akaniangalia kama nimekuja kudai chenji. "Dada, wewe ulilipa mia tano kuja kusikiliza mwanamke analia? Watu wanataka ngumi." Akaongeza sauti ya spika, akageukia mteja mwingine. Nikabaki nimesimama na pochi yangu mkononi, vijana pembeni wanatabasamu.

Sikukerwa na kukataa kwake. Angeweza kusema nilikuwa na haraka, au sikumuelewa vizuri Kiingereza chake, ningemsamehe palepale. Kilichonichoma ni kwamba alimsikia. Alikaa na maiki yake, akamsikia Frances kila neno, akamuona mtu wa kufunikwa.

Nikarudi nyumbani nimepania kuandika sifa za muvi ya asili na kumponda mtafsiri. Nikaiangalia tena, mara ya tatu, nimetulia. Hapo ndipo mambo yakanigeukia, kwa sababu nilipomsikiliza Frances kwa makini nilikuta hata aliyeiandika na kuiongoza, Mmarekani Brian Helgeland, hakumpa sauti. Alimpa maiki tu. Sauti ni ya Frances, lakini habari yote ni ya Reggie: Reggie alivyopenda, Reggie alivyogawanyika kati ya mke na ndugu, Reggie alivyotaka kuacha uhuni akashindwa. Frances mwenyewe alipenda nini? Rafiki zake walikuwa kina nani? Alipokuwa peke yake ndani ya nyumba ile, mume yuko klabu, alifanya nini mchana kutwa? Hatuambiwi. Ile siku Reggie anapompiga inapita haraka haraka, kisha tunarudishwa kwa wanaume. Yaani mzungu wa watu kafanya jambo lilelile la kijana wa Mbagala, ila kwa ustaarabu zaidi. Na mbaya kuliko yote, wamemfufua marehemu ili aje amsimulie kwa huruma mtu aliyemmaliza.

Nikaenda kusoma. Ndoa yenyewe ilivunjika ndani ya miezi michache, binti akawa amerudi kwa wazazi wake. Juni 1967 akafa kwa kumeza vidonge. Wazazi walitaka azikwe kwa jina lao la Shea. Akazikwa kama Kray, makaburi ya Chingford Mount, kwenye eneo la familia ya mume, na leo mapacha wote wawili wamelala hapohapo naye. Alitoka kwa mume akiwa hai, wakamrudisha akiwa maiti. Nilipofika hapo nilifunga simu nikaenda kukaa nje.

Kuna jambo jingine nimelikuta nikakasirika upya. Muvi ilipotoka mwaka 2015, kwenye bango waliweka nyota za magazeti yaliyoisifu. Gazeti la The Guardian lilikuwa limeipa nyota 2. Wakazichukua zile 2 wakazichomeka katikati ya vichwa vya mapacha, ili ukitazama haraka udhani ni nyota 4 na vichwa vimezifunika za pembeni. Nililiangalia bango lile nikamuona Frances palepale. Kisichopendeza kinabanwa katikati ya vichwa vya wanaume wawili, na wewe mtazamaji unadhani umeona vyote.

Sasa mtu ataniuliza, je, tusiiangalie? Hapo nakwama. Tom Hardy kacheza mapacha wote wawili, na sijawahi kuona kazi kama ile. Siyo miwani, siyo nywele. Ni taya, ni pumzi. Ronnie akikaa kimya unaogopa, Reggie akikaa kimya unamuonea huruma, na uso ni mmoja! Wanapokamatana ndani ya klabu yao, wanapigana kikatili mpaka wanachoka, unasahau kabisa kwamba ni mwanaume mmoja anapigana na nafsi yake. Kwa hilo peke yake nilitaka kurudisha nyota zangu zote 5. Bandani tuna msemo wetu, steringi hauawi. Humu steringi na adui wana uso mmoja, hujui umshangilie nani, na pengine ndiyo maana tulishangilia nyundo.

Halafu namkumbuka mhudumu wa Blind Beggar, hasira inarudi. Yule mama alikuwepo Cornell alipopigwa risasi. Polisi walipompeleka kwenye gwaride la utambuzi akasema hamtambui mtu. Nani angemlaumu? Lakini mapacha walipokamatwa Mei 1968 na mpelelezi Nipper Read, wakawekwa ndani, watu wakaanza kupumua, na yule mama akaenda mahakamani Old Bailey akamtaja Ronnie. Machi 1969 wakafungwa maisha, wasifikiriwe kutoka kabla ya miaka 30. Ronnie akafa 1995 akiwa bado mfungwa, Reggie akaachiwa anaumwa saratani, akafa Oktoba 2000. Hiyo ndiyo muvi ambayo ningelipa kuiona: mwanamke nyuma ya kaunta, anafuta glasi miaka 2 na kitu, anajua. Amekwenda sokoni anajua, amelala anajua. Badala yake tumepewa tena suti na sigara.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota 2, na nilishaandika hivyo. Nikafuta kwa sababu ya dada.

Dada yangu mkubwa aliwahi kuolewa na mwanaume aliyeogopwa mtaani. Siingii ndani sana. Alipendwa na watu wote yule bwana, akipita wanaume wanainuka kumpa kiti, na dada alikuwa anajifunika mtandio mpaka hapa ili tusione shingo. Alirudi nyumbani usiku mmoja na begi moja, na Mungu alisaidia akabaki nasi. Kiingereza hakijui. Jumamosi iliyopita alikuja kulala kwangu, nikamwambia dada, kuna muvi, nitakutafsiria mimi. Nikapunguza sauti ya tivii, nikakaa karibu naye, kila Frances alipoongea nikayasema maneno yake kwa Kiswahili, polepole, bila kuongeza langu.

Wakati wa nyundo dada hakucheka. Wakati wa peremende alitabasamu. Mama mkwe alipoingia kanisani na nguo nyeusi, dada alisema "Huyo mama amenena," akajifuta macho. Mimi nilikuwa nikimkasirikia Frances kwa kumsimulia Reggie kwa huruma. Dada akaniambia, ndivyo tunavyoongea, wewe hukuwahi kukaa na mtu wa hivyo, unadhani unaamka tu siku moja unamchukia? Nikanyamaza. Sikuwa nimelifikiria hilo, na bado sijui kama Helgeland alilifikiria au limetokea kwa bahati.

Vidonge vikafika. Nilitaka kuruka, akanishika mkono, akasema acha. Frances akafa. Kisha, kama mnavyojua mlioiona, akaendelea kusimulia, nami nikaendelea kutafsiri. Dada akageuka kuniangalia.

"Si amekufa? Sasa hapo anaongelea wapi?"

Nilikosa la kumjibu. Nikachukua rimoti, nikarudisha nyuma pale anapoanza kuongea tena, nikaongeza sauti, na safari hii sikutafsiri. Tukamsikiliza mwenyewe.