Foleni ya saa mbili kwa dakika moja: YALLFest ya Charleston

Niseme mapema kwamba mimi si msomaji. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo hapa Charlotte, North Carolina, Marekani, na kitabu cha mwisho nilichokuwa nimekimaliza ni kile cha sheria za barabarani, tena kwa kulazimishwa na mtihani. Msomaji ni binti yangu Zuhura, miaka 15, ambaye akishika riwaya hata ugali ukipoa mbele yake hana habari. Yeye ndiye aliyeanza tangu Agosti: baba, YALLFest, baba, YALLFest. Nikadhani ni bendi.

Kumbe ni tamasha la vitabu vya vijana. Linafanyika Charleston, South Carolina, mwezi wa Novemba, na lilianza mwaka 2011 kutokana na duka moja la vitabu la mtaani, Blue Bicycle Books, lililoko King Street. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. YA (kifupi cha "young adult") ndiyo herufi wanazoitia hizi riwaya za vijana, na "y'all" ni ile "nyie" ya watu wa Kusini mwa Marekani. Nilipoelezwa hivyo nikacheka peke yangu jikoni, maana kwetu Tanga tungeliita Tamasha la Nyie Nyote na watu wangekuja kwa kudhani kuna pilau.

Kutoka Charlotte ni mwendo wa saa tatu na nusu: unashuka na barabara kuu ya I-77 mpaka Columbia, unaingia I-26, basi, unaenda nayo mpaka unasikia harufu ya bahari. Tuliondoka Ijumaa jioni, mama yake katufungia chapati na kachori utadhani tunavuka jangwa. Usiku tulilala North Charleston kwa sababu hoteli za mjini kwenyewe wikiendi zinataka mshahara. Wazazi wenzangu, fanyeni hivyohivyo. Asubuhi ingieni mapema, egesheni kwenye zile gereji za karibu na Visitor Center ya Meeting Street, halafu gari mlisahau mpaka jioni. Mji ule unatembeleka kwa miguu, na kuna basi la bure linaitwa DASH kwa mwenye magoti kama yangu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tamasha halina ukumbi mmoja. Limemwagika mtaani. Kikao hiki kiko Charleston Music Hall pale John Street, kingine kiko American Theater juu ya King Street, na katikati ni watoto, mifuko ya kitambaa na uwanja wa Marion Square. Kwa hiyo vitu viwili unavyovitaka vinaweza kuwa saa ileile katika nyumba mbili, na utachagua. Zuhura alikuwa na ratiba kaichora kwa kalamu za rangi tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba begi.

Nilichokutana nacho kwenye kikao cha kwanza kilinishangaza, na kilichonishangaza ni kile ambacho hakikuwepo. Hapakuwa na mgeni rasmi. Hapakuwa na mtu wa kumkaribisha mtu wa kumkaribisha mgeni rasmi. Waandishi wanne waliingia na viatu vya raba, wakakaa, wakaanza kutaniana, na ndani ya dakika kumi maikrofoni iko kwa watoto. Mimi nimekulia kwenye shughuli ambazo mtoto kazi yake ni kuimba wimbo wa kukaribisha, kupiga makofi na kunywa soda ya moto. Pale kijana wa miaka 13 alisimama akamwambia mwandishi kwamba mwisho wa kitabu chake haukumridhisha. Nikajikunyata kwenye kiti kana kwamba ni wangu. Mwandishi akamuuliza, "Wewe ungemalizaje?" Wakajadiliana kama mafundi wawili wanaotazama injini. Hakuna aliyemwita "mwanangu", wala aliyemwambia akikua ataelewa.

Mwandishi mwingine alisema alikuwa na miswada minne kabatini kabla ya ule uliokuja kuwa kitabu, na kwamba ile minne ilistahili kabati. Ukumbi ukacheka. Zuhura hakucheka, aliandika. Baadaye kwenye gari ndiyo nikajua kwamba yeye naye ana muswada, sura sita, na kwamba alikuwa ameanza kuufikiria kama aibu yake ya peke yake.

Sasa tuje kwenye foleni, maana ndiko siku inakokwenda. Kusainiwa vitabu ndiyo roho ya shughuli hii. Unapanga foleni ya mwandishi unayemtaka, na kama ana jina kubwa, foleni inazunguka kona na inaweza kufungwa kabla hujafika. Tulisimama saa mbili kasorobo kwa mmoja. Nilitegemea watoto watupu. Nusu ya waliokuwa mbele yangu walikuwa watu wazima, walimu na wakutubi wa shule, wengine wana masanduku ya magurudumu yamejaa vitabu utadhani wanarudi Dubai na mzigo wa duka. Mama mmoja mwenye sanduku la hivyo alinieleza kila kitu nilichopaswa kujua. Vitabu vyake alivibandika karatasi za njano kila kimoja, jina la mwanafunzi limeandikwa kwa herufi kubwa, kimefunguka pale pa kusainiwa. Mwandishi hapotezi muda kuuliza "inaandikwaje?" Alinipa karatasi moja na kalamu.

Nikaandika ZUHURA, kisha nikaona herufi kubwa zinafoka, nikageuza karatasi nikaandika upya kwa herufi ndogo. Hapo ndipo nilipoharibu. Mwandiko wangu ni wa kusaini karatasi za mizigo saa tisa usiku. U yangu imefunga juu, ukiitazama haraka ni a.

Mwandishi mwenyewe sitamtaja. Waliyozungumza ni yao wawili, na mimi nilikuwa nyuma nimeshika begi. Nitasema nilichokiona. Alikuwa amesaini tangu asubuhi, mkono wa kulia kaufunga kitambaa cha misuli, lakini alipomwona Zuhura aliinua uso wote, si macho tu. Akaanza kuandika kwa wino wa zambarau: Z, a. Zuhura akasema kwa sauti ndogo kwamba ni u. Mwandishi akasimamisha kalamu, akaitazama ile karatasi ya njano, akanitazama mimi. Nikatazama dari. Akamuuliza jina lina maana gani. Binti yangu, mzaliwa wa huku, akanigeukia: "Baba, ni ipi ile?" Nikasema ni nyota, ile inayong'aa alfajiri, wavuvi wetu wanaiita ng'andu, na kwenye vitabu ni sayari, ndiyo Venus. Sijui kwa nini niliongeza wavuvi. Mwandishi akarudi kwenye ukurasa, akaichora ile a yenye makosa ikawa nyota ya ncha tano, akaipaka wino ikajaa, na pembeni yake akaandika jina lote upya, taratibu, herufi saba hapana hata moja iliyopungua, hapana, sita. Hata kuhesabu nilishindwa siku ile.

Halafu Zuhura akauliza swali lake. Nilikuwa nimemwambia njiani: una dakika moja, usiipoteze kwa kusema nakipenda sana kitabu chako, kila mtu atasema hivyo. Akauliza unajuaje kwamba sura ni mbaya. Mwandishi akaweka kalamu chini kabisa. Jibu lilikuwa fupi, alisema yeye huisoma kwa sauti, na pale anapotamani kuruka mstari, msomaji naye ataruka. Dakika ikaisha. Msichana wa kujitolea mwenye fulana ya tamasha akatusogeza kwa upole.

Mwandishi wa pili tuliyemtaka tulimkosa, na kosa ni letu. Tulikwenda kula. Niliingia mkahawa mmoja wa pembeni kwa ajili ya chai na nikaletewa kikombe cha maji ya uvuguvugu na kipakiti cha majani kimewekwa kando kama dawa. Tuliporudi, foleni ilikuwa imeshakatwa. Zuhura hakusema neno kwa dakika ishirini, na chapati za mama yake zilikuwa ndani ya begi muda wote. Kwa hiyo chakula beba chako, na maji, na sweta la kuvua, maana Novemba ya kule asubuhi ni ubaridi na mchana ni jua la kweli.

Gharama? Kuzagaa mtaani na kupanga foleni hakukuomba pesa. Baadhi ya shughuli zina tiketi za kulipia, kwa hiyo angalia ratiba mapema. Pesa inaliwa na vitabu. Jalada gumu ni kwenye dola 20, jalada jepesi 12 au 13, na kodi ya mauzo juu yake. Nilimwambia vitatu, tukatoka na vitano. Vya bure vilikuwa vingi kuliko nilivyotegemea: beji, vibandiko, alamisho nisizojua idadi yake, na nakala moja ya awali ya riwaya ambayo ilikuwa bado haijatoka, imeandikwa juu kwamba haiuzwi. Hiyo aliipata kwa kukimbia. Sikujua kama anakimbia vile.

Kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Charleston usiifanyie hivyo. Jumapili asubuhi tulikwenda Gadsden's Wharf, gati walikoshushiwa Waafrika wengi walioletwa utumwani, ambapo tangu Juni 2023 kuna jumba la makumbusho, International African American Museum. Sitaliandikia hapa, linataka maandishi yake. Njiani tulipita soko la City Market, akina mama wa Kigullah, Wamarekani weusi wa pwani ile, wazao wa waliokuwa watumwa, wanashona vikapu vya nyasi kwa vipande vya majani ya palmetto, mti wa kule wa jamii ya mnazi, mkono unazungusha, msumari unatoboa, unazungusha tena. Bibi yangu alikuwa akisuka kawa barazani na midomo ameibana vilevile. Bei ya kikapu kidogo ilinifanya nirudishe mkono mfukoni, ingawa ukitazama kazi yenyewe huwezi kusema ni ghali.

Nyota? Nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya magoti yangu, na kwa sababu mzazi asiye na kitabu mkononi hana la kufanya kwenye foleni ila kuwasikiliza wengine wakibishana kuhusu watu ambao hawapo duniani. Mwakani naenda na kiti cha kukunja.

Tukirudi nilisimama kujaza mafuta karibu na Columbia. Zuhura kalala, kitabu chenye nyota ya zambarau kiko kwenye dashibodi. Nikakifungua ili kuiangalia tu ile nyota, nikapitiliza kidogo. Nilikuwa ukurasa wa 11 niliposikia honi nyuma yangu. Pampu ilikuwa imeshakata zamani. Nikakunja pembe ya ukurasa, nikaingia garini.

"Baba," akasema macho yamefumba, "umekunja ukurasa?"

Akapapasa ndani ya begi, akanitupia alamisho mbili mapajani.