Tulilipia matembezi ya Eastleigh, hatukulipia kumdhalilisha mama wa maziwa

Nianze na uamuzi wangu, maana wengine hamtafika mwisho: Eastleigh, ule mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, nendeni, tena nendeni na njaa. Kampuni iliyotutembeza sisi msiipe hata shilingi. Jina lake silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwao na nataka kwanza wayajibu inavyostahili. Ni wale wa kuuza "matembezi ya ladha na utamaduni" mjini Nairobi, elfu tatu unusu kwa kila kichwa, chakula kikiwemo.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa, kabla ya mvua za masika kuanza. Alitaka kuona sehemu mbili tu. Ya kwanza ni Garissa Lodge, jengo la maduka ambalo amekuwa akilisikia tangu wanawake wa mtaani kwao walipoanza kupanda basi la usiku kuja kununua madira na mitandio ya kuuza. Ya pili ni Pumwani, ambako babu yangu, yaani baba yake, alikaa siku za ujana wake alipokuwa akifanya kazi reli. Kufika huko hakuhitaji kampuni. Matatu za namba 6 na namba 9 zinakwenda Eastleigh kutwa nzima. Tulilipa kwa sababu shangazi alitaka mtu wa kumweleza anachokiona, na karatasi yao ya ratiba ilikuwa imeandika sehemu zote mbili kwa herufi kubwa.

Tulikuwa kundi dogo: sisi wawili, wazungu kadhaa, na vijana wawili kutoka Kampala, watu wazuri sana. Mwongozaji wetu alikuwa kijana nadhifu, sauti yake inabeba, viatu vyeupe. Tukasimama kwenye First Avenue, akatuambia kwamba mtaa huu ulianzishwa na wakimbizi mwaka 1991. Hapo moyo ukaanza kunipanda. Eastleigh imekuwepo tangu 1921. Wahindi waliishi pale kwa wingi, na Wasomali wamekuwa Nairobi tangu enzi za ukoloni, wakifanya biashara ya mifugo, kabla hata wazazi wa yule kijana hawajazaliwa. Uwanja wa ndege wa Nairobi wenyewe ulikuwa Eastleigh mpaka ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Elizabeth wa Uingereza aliposhuka Kenya Februari 1952, siku chache kabla ya kuwa malkia, alishukia hapo, mahali panapoitwa leo Moi Air Base. Vita vya Somalia vya 1991 vilileta watu wengi na mitaji mingi, hilo ni kweli, na ndipo Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, ilipogeuka vyumba vya maduka na kuwa mama wa majumba yote haya ya biashara unayoyaona. Hiyo ndiyo habari ambayo shangazi alikuja kuisikia. Hakuisikia. Tulipita Garissa Lodge mwendo wa askari, kijana ananyoosha kidole tu.

Hata hivyo nilinyamaza, kwa sababu ya chakula. Sitamnyima mpishi haki yake kwa dhambi ya mwongozaji. Tuliingizwa kwenye hoteli ya Kisomali ghorofani, moto na kelele za wateja, na sinia likaja. Wali wa bariis, punje moja moja, umepikwa kwa supu ya mbuzi na xawaash, ule mchanganyiko wao wa viungo: bizari nzima, giligilani, pilipili manga, iliki. Nyama ya mbuzi juu yake ilikuwa laini kiasi kwamba mfupa ulitoka wenyewe. Pembeni ndizi mbivu. Kwa asiyejua, ndizi hailiwi baadaye kama tunda, unaikata kipande na kukitia kinywani pamoja na wali, utamu na chumvi vikutane humo humo. Shangazi, ambaye amepika pilau za harusi maisha yake yote na huwa hasifu wali wa mtu, alikula kimya, kisha akamwita mhudumu amuulize kama nyama ilichemshwa kwanza au iliungwa moja kwa moja. Wakazungumza mambo ya sufuria kwa muda mrefu. Kulikuwa na baasto pia, tambi walizozoea tangu Waitaliano walipotawala kusini mwa Somalia, nayo inaliwa kwa mkono na kwa ndizi vilevile. Na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, tamu kupita kiasi, na nilirudia. Kama matembezi yangeishia pale, leo mngesoma sifa tupu.

Tukashuka barabarani, tukaenda walipo wanawake wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa haya mengi hutoka Isiolo. Wanawake wa kule huyakusanya kutoka kwa wafugaji, huyatia kwenye mitungi ya plastiki ya manjano na kuyapakia kwenye magari ya kuja Nairobi, yafike Eastleigh kabla hayajaharibika. Vyombo hufukizwa kwa moshi wa kuni, ndiyo maana ukionja unapata moshi kwanza, halafu chumvi kidogo, halafu maziwa. Ni biashara ya kina mama kwa kina mama, kutoka jangwani mpaka kando ya lami. Mimi ningeweza kukaa pale nusu siku kuisikiliza.

Mwongozaji hakusema lolote katika hayo. Alisema, "Hapa ndipo mtapata picha nzuri." Akatoa simu, akamsogelea mama mmoja mtu mzima mpaka simu ikawa shubiri mbili kutoka usoni mwake. Yule mama akavuta ncha ya mtandio akafunika uso, akanyoosha kiganja. Alisema kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angekielewa: "Wacha picha, mwanangu. Maziwa onja, picha sitaki."

Kijana akacheka. Akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama ana haya tu, wanawake wa hapa ndivyo walivyo. Kisha akainama, akashika kifuniko cha mtungi wa yule mama kwa mkono wake mwenyewe, akakifungua wageni wachungulie ndani. Matatu zinapita, vumbi linapaa, na maziwa ya mtu yako wazi! Mama akasema, "Funika!" Na huyu kijana, bila hata kumtazama, akajibu: "Mathe, tumelipa."

Tumelipa nani? Tumelipa nini? Yule mama hakuwa amepokea hata shilingi tano. Pesa zetu zilikuwa zimeingia kwenye simu ya ofisi fulani siku kadhaa kabla, yeye akiwa hana habari kwamba yupo kwenye ratiba ya mtu, kwamba uso wake umeuzwa pamoja na wali na chai. Nimejaribu kulisahau neno lile, halisahauliki. Ningemsamehe historia aliyoikosea. Ningemsamehe haraka yake. Kumwambia mama aliye kwenye kazi yake kwamba amelipiwa, mbele ya wenzake, na mkono wako uko kwenye maziwa yake, hapana.

Shangazi ndiye aliyesema, mimi ulimi ulikuwa umekauka. "Wewe kijana, huyo ni mamako. Funika maziwa ya watu, na hiyo simu itie mfukoni." Hakupaza sauti. Kijana akasema, "Shosho, tuko na ratiba," lakini alifunika. Shangazi akamsogelea yule mama, akamwambia, "Tuwie radhi, dadangu." Akaagiza maziwa, akapimiwa, akalipa, akanywa palepale akiwa amesimama naye. Sisi wengine yule mama alitugeuzia mgongo, na ilikuwa haki yake. Mmoja wa wale vijana wa Kampala akatoa simu yake akafuta picha alizokuwa ameshapiga, akamwonyesha muuzaji jirani wa yule mama kioo cha simu kuthibitisha. Yeye mgeni kabisa, na aliona kilichohitaji kufanywa.

Mtu ataniambia picha ni picha tu, siku hizi kila mtu anapiga. Anayesema hivyo hajui Eastleigh. Aprili 2014, wakati wa ile operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao kutoka mtaa huu, na wengine wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa vitambulisho, wakiwemo Wakenya waliozaliwa hapa hapa. Familia zilikaa bila kujua mtu wao yuko wapi. Mtaa uliopitia hayo haushangai bure unapoona mtu asiyejulikana anaelekeza simu usoni mwa mzee. Mwongozaji anayelipwa kueleza mahali ndiye wa kwanza anayepaswa kulijua hilo, na kama halijui, basi anauza nini?

Baada ya hapo tulipelekwa kwa Wahabeshi, yaani Waethiopia, na hapa tena nalazimika kusifu, ingawa mkono unakataa. Injera, mkate wao mwembamba kama chapati, ni pana, ya teff, nafaka ndogo ya kwao, imechachushwa mpaka ina tundu tundu na uchachu mzuri wa ukakasi. Si sawa hata kidogo na canjeero ya Kisomali, ambayo ni ndogo na laini na huliwa asubuhi kwa samli au chai, ingawa kijana alituambia ni kitu kimoja. Juu yake dengu, mboga za majani, na mchuzi wa kuku wa pilipili nyekundu wenye yai zima. Halafu kahawa. Dada mwenye nyumba aliketi kwenye kigoda chini, akakaanga buni mbele yetu, akapitisha kikaango kila mtu avute harufu, ubani unawaka pembeni. Kahawa hii hunywewa mara tatu kutoka buni ile ile: abol, tona, na ya mwisho baraka. Kuondoka kabla ya baraka ni utovu wa adabu. Kijana alitaka tuondoke baada ya kikombe cha kwanza, anaangalia saa. Shangazi akakataa kuinuka. Akasema aliyemkaangia buni hawezi kumwachia kikombe njiani. Wote tukabaki mpaka baraka, wazungu nao wakabaki, na kijana akasimama mlangoni na simu yake. Ile ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku ile, na ilipatikana kwa kumkaidi mwongozaji.

Pumwani hatukufika. Muda umeisha, akasema, na tena "hapo hakuna kitu." Pumwani! Mtaa wa Waafrika uliopangwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920, wenye msikiti wa Riyadha, wenye Majengo yake, mahali ambapo Kiswahili cha Nairobi kilikulia na ambapo watu wa pwani kama babu yangu waliposhuka treni walipata jirani wa kusalimiana naye. Ni hatua chache kutoka tulipokuwa. Sikubishana. Nilimchukua shangazi tukaenda wenyewe kwa miguu, tukauliza wazee nje ya msikiti, wakatukaribisha, na mzee mmoja akatuonyesha ni upande upi watu wa reli walikuwa wakipanga vyumba. Hatukutozwa kitu.

Niliandikia kampuni jioni ile ile. Jibu lilichukua muda, na lilipokuja lilikuwa la kuniumiza zaidi: wanasikitika kwamba "sikufurahia," na wananipa punguzo la nusu kwa matembezi mengine katika mtaa mwingine. Nusu ya nini? Ili nikashuhudie mama mwingine akifunuliwa chombo chake?

Kwa siku chache nilitaka kumtetea yule kijana. Niliwaza kwamba huenda analipwa kwa siku, kwamba ratiba ile imebanwa na watu walio ofisini ambao hawajawahi kusimama kando ya barabara ile na jua, na kwamba hakuna aliyemfundisha lolote isipokuwa saa za kufika na saa za kuondoka. Nilikuwa hata nimeandika hivyo hapa. Nimeyafuta. Masikini wa mafunzo au la, "huyo ni mamako" si somo la ofisini. Halafu tena, ofisi iliyosoma barua yangu yote, yenye neno lile ndani yake, ikajibu kwa punguzo, inaonyesha kijana alilipata wapi. Kwa hiyo nawalaumu wote wawili, na ofisi zaidi.

Kwenu mnaotaka kwenda: pandeni matatu, nendeni mchana, si Ijumaa wakati wa swala maana maduka mengi hufunga. Kuleni wali kwanza. Maziwa ya ngamia nunueni kwa kina mama wenyewe na mlipe mkononi mwao. Kabla ya picha ombeni, na mkikataliwa shukuruni muendelee. Kahawa ya Kihabeshi mwende nayo mpaka kikombe cha tatu.

Na kwa kampuni, maana najua mnasoma: sitaki punguzo, na pesa zangu kaeni nazo. Mpelekeni kijana wenu mpaka kwenye kituo cha yule mama, pamoja na msimamizi wake, wamwombe radhi mbele ya wenzake walewale waliosikia, na wanunue maziwa yake. Mkifanya hivyo nitaandika hapa kwamba mmefanya. Mpaka siku hiyo, nyota yenu ni moja, na mfumo ungeniruhusu nisiweke hata hiyo, nisingeiweka.