Usiitupe hiyo Core 2 Duo kabla hujaingia BIOS

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina hii kompyuta, nimeichukua Kariakoo laki na ishirini, prosesa Core 2 Duo E8400, RAM 4GB, hizo habari za 3GHz mnazijua tangu 2008 siwamalizii bando. Aliyeniuzia kanambia kabisa hii nzito, ya kuchapia tu. Nikaitoa hadidiski nikaweka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, nikapiga Windows 10 upya, bado nzito! Aisee nilikasirika, nikaona laki yangu imeenda.

Sasa sogeeni hapa. Nazima, nawasha, nagonga F2, gonga tu usiache, mashine zingine ni Delete au F10. Haya tumeingia BIOS, ile programu ndogo ya kwenye madabodi inayowaka kabla ya Windows. Shuka kwenye Drives, fungua SATA Operation, mnaona imeandikwa nini? IDE. Yaani mtu umefunga SSD alafu BIOS inaiambia Windows hapa kuna hadidiski ya enzi zile za waya mpana kama utepe, na Windows inaamini inaihudumia hivyo hivyo!

Kuna namna mbili za kuongea na diski, IDE ya zamani na AHCI ya kisasa. IDE ni mama ntilie anayepokea oda moja, anaenda kupakua, anarudi, ndo amuulize wa pili. AHCI anabeba oda mpaka 32 kwa mpigo. Kwahiyo ukikopi muvi moja kubwa hutaona kitu, nimejaribu, inacheza mle mle, na hizi bodi ni SATA 2, njia ya diski ya kizazi cha pili, haziendi zaidi ya gigabiti 3 kwa sekunde hata ufanyeje. Ila subiri Windows inawaka, antivairasi inakagua, Chrome inafunguka na tabo zake kumi, hapo ndo utaijua AHCI, angalieni hapa... mmeona? Kabla ya hapo nilikuwa naenda kuchota maji narudi.

Lakini TAFADHALI usibadilishe kienyeji. Kuna video nyingi wanakwambia badilisha, sevu, toka, na ukitoka unakutana na skrini ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE, yaani Windows haiioni diski ya kuwakia, mimi ilinikuta kwenye mashine ya mteja na yupo amekaa pembeni yangu. Fanya hivi, ukiwa ndani ya Windows andika msconfig pale kwenye kutafuta, nenda Boot, tiki Safe boot, ristati, ingia BIOS moja kwa moja ndo uweke AHCI, iache iwake kwenye safe mode, Windows yenye vitu vya lazima tu, ijitafutie draiva, kisha rudi utoe tiki. Basi.

Nikafurahi. Siku tatu baadae nawasha, bluu tena! Narudi BIOS, IDE imejirudisha yenyewe na tarehe inasoma 2009. Hapo nikajua ni betri, hii hapa ya duara kwenye madabodi, CR2032, inatakiwa volti 3, ngoja niweke mita... 2.1. Imekufa. Na sisi tunaziua wenyewe jamani, kila tukimaliza kazi tunazima mpaka soketi ya ukutani. Plagi ikiwa na moto, pawasaplai inailisha saa na kumbukumbu ya BIOS hata mashine ikiwa imezimwa, ukikata soketi hicho kidude kinabeba mzigo peke yake usiku kucha, alafu siyo kipya, kimekuja na mashine. Sisemi muache soketi inawaka, umeme wetu mnaujua, nasema nunueni betri, mimi nimeipata elfu mbili. Inaniuma sana mtu anaona Chrome inakataa kufungua saiti sababu saa imerudi nyuma, anampelekea fundi, anapigiwa Windows upya elfu kumi na tano, na wiki ijayo tatizo liko pale pale.

Wale mnaoniandikia kila siku kuhusu i5-2400, prosesa mpya kuliko hii, nimewasikia, iko kwenye boksi pale nyuma, video yake Jumamosi, ila bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hii na kwa kuandika barua na kuangalia masomo YouTube sioni sababu. Nilianza video hii nikitaka kuwaambia msinunue Core 2 Duo kabisa. Sasa hii siiuzi, anachukua mdogo wangu yuko fomu tatu.

Ngoja niweke betri mpya hapa, upande wa jumlisha juu, mnasikia inavyoingia, tik. Tarehe, saa, AHCI, F10... niambieni kwenye komenti mashine yako imeandikwa nini kwenye SATA Operation, na taja modeli nikujibu.