Dira nzuri, lakini fundi wao asikanyage chombo chako

Dira yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka la vifaa vya boti lililoniuzia na kunifungia, na hasa yule kijana wa kaunta na majibu aliyompa nahodha wangu.

Mashua yangu ni ya tanga, inabeba mizigo kati ya Tanga na Pemba. Nilitaka dira ya kufunga mbele ya mshika usukani, aisome usiku bila kuinama. Kwanza wakanitolea moja ya soko la Ulaya. Kuiweka tu mezani, sahani, ile duara ya tarakimu inayozunguka ndani, ikalala upande, ukingo karibu uguse kioo. Huku kusini mwa ikweta sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kusi, na dira za kule huongezewa uzito upande huohuo, basi inalala maradufu. Nikaikataa. Haki yao niwape: wakaagiza iliyosawazishwa kwa ukanda wetu, ikaja bila longolongo. Sahani imetulia, tarakimu zinasomeka, chombo kikiinama haikwami. Siku ile ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Fundi wao akaja kuifunga kwenye ubao wa chumba. Akaikaza sawasawa, kimstari chake cha kusomea kinaelekea omo, yaani mbele ya chombo, sambamba na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Kwa macho, kazi safi kabisa. Siku hiyohiyo akafunga na spika ya redio ndani ya chumba, kwenye ubao uleule, mgongo kwa mgongo na dira!

Usiku mmoja wa kaskazi tukatoka Tanga kwenda Mkoani, Pemba. Nahodha wangu ni mzee wa Kojani, bahari ameijua tangu utotoni. Akashika nyuzi zake za siku zote kwenye dira. Alfajiri Misali ikatutokea mkono wa kulia. Anayekwenda Mkoani kutoka Tanga kisiwa hicho hukiacha kushoto! Njia ile ni kama maili 37 za bahari. Dira ikidanganya nyuzi 10 tu, unatoka njiani zaidi ya maili 6, na mkondo unaokwenda kaskazini unakuongezea. Misali imezungukwa na miamba. Kungechelewa kupambazuka, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Tulipofika bandarini mzee akaifungua ile spika. Sahani ikazunguka mbele ya macho yetu. Akairudisha, sahani ikarudi palepale penye uongo.

Nikaenda dukani na mzee, spika mkononi. Kijana hata shikamoo hakutoa. Akauliza, "Redio ilikuwa imewashwa?" Mzee akamjibu ilikuwa imezimwa. "Basi spika haihusiki. Mzee ulisinzia."

Mbele ya wateja! Kumwambia mtu mzima vile, aliyetuepusha na mwamba kwa macho yake! Na sumaku ya spika haina swichi. Ipo usiku na mchana, redio iimbe isiimbe. Anauza dira na hilo halijui? Nikaomba tuisogeze spika karibu na dira yoyote pale dukani, aone mwenyewe. Akaendelea na simu yake. Mwenye duka, aliyekuwa anasikia yote, akasema kazi ikishakabidhiwa imekabidhiwa.

Nikatafuta fundi mwingine, nikamlipa upya. Spika akaipeleka tezi, nyuma ya chombo. Skrubu za chuma akazitoa, akaweka za shaba. Nyaya mbili za taa ya dira akazisokota pamoja, maana zikiachana umeme unaopita nao huisukuma sahani. Kisha siku ya bahari shwari tukakizungusha chombo, kila upande akilinganisha na mnara wa taa wa Ulenge na alama nyingine za pwani, akirekebisha vijisumaku vya ndani kwa bisibisi ya shaba. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeilipia mara ya kwanza.

Sasa dira inasema kweli, na nikiiangalia nashawishika kuwapa nyota tatu, kwa sababu nzuri kama hii sijaiona kwingine. Lakini nikimkumbuka mzee alivyotoka pale dukani kimya, siwezi. Moja, na hiyo ni ya dira. Pesa ya ufungaji bado naidai, na mzee bado anadai kuombwa radhi.