Moodle: kwizi zake nazikubali, kitabu cha alama hapana

Wakuu habari za mida hii. Nafundisha takwimu chuo hapa Dar, na walimu wenzangu wakikwama kwenye mfumo mimi ndo wananipigia simu, kwa hiyo Moodle, huu mfumo wa kufundishia na kusomea mtandaoni, naijua kama mwalimu na pia kama mtu wa kuihangaikia. Natoa tathmini yangu kwa sababu naona wengi wanaiponda hawajaigusa, wengine wanaisifia kumbe wanachoweka mle ni pdf tu.

Na tuanzie hapo kwenye pdf. Kozi nyingi ukifungua unakuta slaidi kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, chini asaimenti moja, basi. Hiyo ni stoo. Kama unataka stoo, grupu la WhatsApp linatosha kabisa, CR (kiongozi wa darasa) atasambaza na vijana watadesa kama kawaida yao.

Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas, Muaustralia, utotoni alisoma kwa redio maana walikuwa wanakaa jangwani huko Australia Magharibi. Baadaye akawa anasimamia WebCT, mfumo wa kulipia, pale chuo kikuu cha Curtin mjini Perth, haukumridhisha akaanza kutengeneza wa kwake, toleo la 1.0 likatoka Agosti 2002. Leseni hulipii na programu iko wazi, fundi wenu anaweza kuifungua na kuibadilisha. Ila msidanganyike na hiyo bure, seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, inalipiwa na mtu wa kuiangalia anataka mshahara.

Sasa kilichoniteka mimi ni kwizi. Kuna namna ya kuandika maswali inaitwa GIFT, unaandika kwenye Notepad tu, hata umeme umekatika na intaneti hakuna, ukipata mtandao unaingiza faili lote kwa mkupuo. Mfano huu hapa:

Wastani wa 2, 4 na 9 ni ngapi? {~4#Hiyo ni namba ya katikati, sio wastani. =5#Safi, umejumlisha ukagawa kwa 3. ~15#Umejumlisha vizuri, umesahau kugawa.}

Alama ya = ni jibu sahihi, ~ ni jibu la uongo, na kinachofuata # ndo anachosoma mwanafunzi baada ya kuchagua. Hapo ndo pana utamu wenyewe, yaani kila kosa unaliandikia maneno yake, na ukishafundisha miaka kadhaa makosa ya vijana unayajua kwa kichwa, huyu atasahau kugawa, huyu atachanganya wastani na namba ya katikati. Nikiwa na darasa kubwa siwezi kumfikia kila mmoja nimwambie kapotea wapi, lakini sentensi niliyoandika usiku nyumbani inamkuta pale pale alipokosea. Ni kazi ya uandishi kabisa, na mwalimu asiyependa kuandika hataona faida yake. Halafu kuna maswali ya hesabu ambayo unaandika swali moja, mfumo unabadilisha namba kwa kila mtu, kwa hiyo anayechungulia kwa jirani anakuta jibu la jirani.

Kingine ninachokipenda ni jukwaa la maswali na majibu, lile ambalo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike la kwake kwanza. Mwanzoni walinuna sana. Siku hizi wanaandika, wengine wanaandika utumbo ili wafunguliwe tu, ila hata huo utumbo unanionyesha nani hajasoma.

Haya, lawama. Kitabu cha alama aisee, ile sehemu ya kukusanya na kujumlisha alama za wanafunzi. Uzito, makundi, namna ya kujumlisha, ukigusa kitu kimoja alama za darasa zima zinahama, na maelezo yake yameandikwa kama vile sote ni wahasibu. Mimi huwa nazidaunlodi nikamalizie Excel, na simshauri mtu abishane nacho siku ya kupeleka matokeo. Fomu ya kutengeneza asaimenti nayo ina setingi rundo wakati mimi nataka tarehe ya mwisho na sehemu ya kuaploadi faili. Toleo la 4.0 la mwaka 2022 lilisafisha muonekano kidogo, angalau kozi inasomeka kwenye simu, na apu yake inaruhusu kudaunlodi masomo ukasoma bila bando, hilo wanafunzi wangu wamelipokea kwa mikono miwili.

Lawama nyingine nyingi za kusema inazingua sio za Moodle, ni za seva. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha waliweka dedlaini saa sita kamili usiku kozi zote, wote wakaingia kwa pamoja, mfumo ukalala, asubuhi watu wanaitukana Moodle. Tawanyeni dedlaini. Kwenye kwizi majibu yanajisevu karibu kila dakika kama fundi hajagusa setingi hiyo, kwa hiyo mtandao ukikata mwanafunzi hapotezi vyote.

Nyota nne kati ya tano. Anayeanza semista hii aandike maswali kumi ya mada moja yenye maelezo kwa kila jibu, aachane na mapambo mengine kwanza, na ahifadhi faili la maswali yake kwenye flashi, maana ukihama chuo unaondoka nayo na kule ukikuta Moodle unaingiza tu kazi inaendelea.