Nmap na Ndiff kufuatilia porti za domeni, uzoefu wangu

Kama una domeni yenye sabudomeni kibao na seva zimetawanyika huku na kule, kabla hujatoa hela kununua huduma ya kufuatilia porti (milango yenye namba ambayo seva inapokelea mawasiliano) jaribu kwanza Nmap, programu inayogonga porti hizo na kukuonyesha zilizo wazi. Ni ya bure, ipo tangu 1997, na mi ndo naitumia kwa wateja wote ninaowasimamia seva.

Ninavyofanya, majina ya sabudomeni nayatoa crt.sh, tovuti ya kutafuta vyeti, maana cheti cha HTTPS kikitolewa kinaandikwa kwenye logi za wazi ambazo yeyote anaweza kusoma, aisee hapo utakutana na dev na test na old ambazo hata wenye kampuni walishazisahau. Halafu Nmap inaskani usiku kwa cron (ratiba ya Linux inayoendesha kazi yenyewe) kutoka VPS (seva ya kukodi) iliyo nje kabisa, matokeo yanaenda kwenye faili la XML, asubuhi Ndiff, programu mwenzake Nmap, inalinganisha ya jana na ya leo. Hapo ndo nimeipendea. Orodha ya porti zote kila siku hakuna atakayeisoma, ila ukiona mstari mmoja mpya unasema 6379, porti ya Redis, iko wazi lazima usimamishe chai.

Na ilitokea kweli kwa mteja mmoja, kijana wao kapandisha Redis (hifadhidata) kwa Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena), haina password, UFW (firewall ya seva) imewashwa na ukiiuliza inakwambia zilizoruhusiwa ni 22, 80 na 443 basi, kila mtu anakuapia hakuna kitu kingine. Kumbe Docker ukiiambia ipablishi porti inaweka sheria zake yenyewe kwenye iptables (firewall ya Linux iliyo chini ya UFW), trafiki inapita bila kugusa sheria za UFW. Ukikaa ndani ya seva huwezi kujua, mpaka ugonge mlango kwa nje. Tukaifunga kwenye 127.0.0.1, yaani ipatikane ndani ya seva yenyewe tu, ripoti iliyofuata ikaonyesha imetoka.

Yanayoniudhi yapo. Usipoweka -p- kwenye amri ya Nmap inaangalia porti 1000 maarufu tu za TCP kati ya 65,535, ukiweka subiri, na porti za UDP (aina nyingine ya mawasiliano) ndo usiseme, unaweza kulala ukaamka bado inaendelea. Halafu domeni ikiwa nyuma ya Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya seva yako na kupokea wageni) ukiskani jina unaskani Cloudflare wenyewe, utaona 8080 na 8443 ziko wazi uanze kugombana na watu bure, skani IP halisi ya seva. Na Ubuntu Ndiff inabidi uiinstoli kivyake.

Shodan Monitor, huduma ya mtandaoni ya kufuatilia porti, nayo nimeitumia, inakutumia imeili yenyewe hamna kuhangaika na cron, kwa asiyependa kuandika amri kwenye terminal itamfaa, ila idadi ya IP inategemea umelipia kifurushi gani.

Seva ya mtu chukua ruhusa ya maandishi kwanza, hapa Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na sio ya kuchezea. Wa kujifunza waende scanme.nmap.org, wenyewe wameruhusu. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imeliwa na UDP.